Moyo Mdogo Kuliko wa Mbuzi

Kelvin, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za karakana, aliniuliza siku ya kuniaga nilijuaje kwamba kazi hii itanifaa. Nilimjibu kwamba sikujua. Watu walicheka wakidhani natania, kisha keki ikaletwa. Ilikuwa imepambwa vibaya, na niliiangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kueleza, kwa hiyo nawaandikia nyinyi mnaobaki. Wageni wakija chuoni huonyeshwa mashine ya kuchapa viungo vya mwili vya kufundishia na kuambiwa kwamba kila kitu kilianza hapo. Hakikuanza hapo.

Kabla ya viungo nilikuwa napamba keki za harusi katika duka moja la mikate hapa Thika mjini. Niliishi Kamenu kwa wazazi wangu, na vidole vyangu vilinukia sukari hata siku za Jumapili. Muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua keki ya dada yake aliyatazama maua niliyoyafinyanga kwa sukari, akaniambia kuna chuo cha afya kinachotafuta mtu mwenye mkono mtulivu. Hakusema mkono huo ni wa kufanya nini. Nilidhani ni wa kudunga watu sindano.

Karakana wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia shuka. Humo nilimkuta Mzee Mutua, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia, ambaye hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa donge la nta, kisu kidogo, na pingili moja ya uti wa mgongo wa binadamu, akasema, "Mtengenezee pacha wake." Kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi aliangalia meza kwanza, halafu sakafu, halafu viganja vyangu. Pingili niliyoitengeneza aliitupia jicho mara moja tu.

"Haifanani," alisema. "Lakini hujamwaga nta. Njoo Jumatatu."

Kwa kuwa Mutua alikuwa Mkamba, na Wakamba wanasifika kwa uchongaji, kila mtu pale chuoni aliamini kwamba alianza kwa kuchonga vinyago vya kuuzia watalii. Hakuwahi kuchonga kinyago maishani mwake. Alikuwa fundi wa meno bandia. Aliniambia alihama kutoka kwenye meno kwa sababu meno yana wenyewe, na wenyewe hulalamika. "Figo niliyoitengeneza haijawahi kurudishwa na mtu akisema inambana," alisema. Nta, plasta, kalibu za kumiminia, yote hayo aliyajua kutokana na vinywa vya watu.

Jumatatu hiyo sikugusa kiungo chochote. Nilichanganya plasta. Nawaambia nyinyi mnaonunua kila kitu kikiwa tayari: plasta hunyunyizwa juu ya maji, maji hayamwagwi juu ya plasta. Unanyunyiza kidogo kidogo kama unga wa uji, unaiacha inywe, ndipo unakoroga, na unakoroga polepole ili usiingize hewa. Ukishaimimina unagonga meza kwa ngumi mpaka mapovu yatoke. Kisha unaweka kiganja juu ya kalibu na kungoja. Plasta hupata joto inapoganda, halafu hupoa, na ukifungua kabla haijapoa unabaki na vipande. Nilifungua mapema mara nyingi. Mutua hakugomba. Aliniletea ufagio.

Nilipopewa kiungo cha kwanza cha kukamilisha mwenyewe, kilikuwa ini. Nililipiga msasa mpaka likawa laini, nikalipaka rangi na vanishi, na nikaliweka dirishani ili likipigwa na jua ling'ae. Mutua aliingia, akasimama.

"Hili ini linaenda harusi ya nani?"

"Si ni zuri, Mzee?"

"Ni zuri sana. Mwanafunzi atalitafuta ndani ya mtu na hatalipata." Aliketi, akavua miwani. "Wambui, hapa hatupambi. Tukipendezesha tunadanganya, na anayedanganywa ndiye atakayeshika kisu."

Nilichukua msasa mwingine, ule mkali zaidi, nikaliharibu ini langu mpaka likafanana na ini.

Miaka ikaenda hivyo: mifupa ya nyonga kwa ajili ya wakunga, masikio makubwa kama sahani ili darasa zima lione, figo zinazofunguka katikati kama parachichi. Faibaglasi tulijifunza kwa wale wanaotengeneza bampa za magari pale Thika, nao walitucheka tulipowaambia tunataka kuunda paja. Ngozi tulijifunza kwa makosa. Hapo inanibidi nimtaje Daktari Achieng, kwa sababu bila yeye tungeendelea na Mgeni.

Mgeni ndivyo wanafunzi walivyoliita sanamu la kiwiliwili lililoagizwa kutoka ng'ambo. Lilikuwa na rangi ya waridi kutoka kichwani hadi kiunoni, na macho ya buluu. Daktari Achieng alipokuja kufundisha somo la maumbile ya mwili, bado akiwa kijana, alirudi kutoka wodini siku moja akiwa amekasirika kimyakimya, jambo ambalo ni baya kuliko makelele. Mwanafunzi wake alikuwa amesimama kando ya mgonjwa aliyepungukiwa damu vibaya, akasema haoni kitu. Alikuwa amefundishwa kwamba mgonjwa wa namna hiyo "huwa mweupe."

"Mweupe kuliko nani?" Daktari Achieng alituuliza mimi na Mutua, kana kwamba sisi ndio tuliosema. "Nitengenezeeni watu wa hapa. Viganja, midomo, ndani ya kope. Wagonjwa na wazima, wakae bega kwa bega."

Nilidhani ni kazi ya wiki mbili tatu. Kahawia si rangi moja. Mgongo wa mkono una kahawia yake, kiganja kina yake, na mistari ya kiganja ina nyingine tena. Tulijaribu rangi ya viatu. Ilipendeza asubuhi, na mchana jua likaiyeyusha barazani, mkono ukawa kama umetoka matopeni. Mwishowe niliwaomba watu wa chuo waniazime mikono. Mama wa kufua, mlinzi, mpishi, mwalimu mkuu msaidizi, wote walipanga foleni mbele ya karakana, nikawa nachanganya rangi kando ya kila mkono mpaka isionekane tena. Mlinzi aliuliza kama mkono wake utalipwa. Mpaka leo viganja vile viko kwenye droo ya tatu, na mlinzi alistaafu kabla yangu. Mgeni alihamishiwa stoo, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Mutua naye alistaafu. Hakutoa hotuba. Aliosha mikono, akakausha kila kidole, akaniambia nisiwakubalie watu wa stoo waninunulie plasta ya kujengea, akapanda gari kwenda kwao Machakos. Nilibaki peke yangu kwa miaka kadhaa, halafu nikaletewa wasaidizi, halafu nikaletewa mashine, na mashine ikaja na Kelvin.

Wengi walitarajia nitagombana na mmoja wao. Sikugombana. Kelvin alikuwa kijana wa Ruiru aliyesomea mambo ya kompyuta, mpole, mwenye masikio yaliyozibwa na muziki, na aliiita mashine "mtoto." Ilichapa kiungo tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama karatasi, kwa siku nzima, ikinuka kama sufuria ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Stima ikipotea, kazi yote inakwenda bure. Mimi nilichopenda ni kwamba ingeweza kupewa picha za ndani ya mtu fulani, aliye hai, na kukutolea kiungo chake yeye. Sisi siku zote tulitengeneza moyo wa mtu yeyote. Sasa tungeweza kutengeneza wa fulani.

Ndivyo tulivyopata kazi ya Shiru, ambayo ndiyo hasa nilitaka kuwaandikia.

Daktari Achieng, ambaye nywele zake sasa zilikuwa na mvi kama zangu, aliingia na diski mkononi. Alisema kuna mtoto wa miaka mitano, msichana, anakaa Kamakis na mama yake. Alizaliwa na moyo uliojipanga vibaya. Kwa kawaida mshipa mmoja mkubwa hutoka upande wa kulia wa moyo na mwingine upande wa kushoto; yeye yote miwili ilitoka upande wa kulia, na ukuta wa katikati ulikuwa na shimo. Damu safi na damu chafu zilichanganyika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na akitembea kidogo alichuchumaa apumzike. Daktari wa upasuaji wa Nairobi alitaka kujua kama ataweza kushona kitambaa ndani ya moyo huo, kama kijihandaki, kipeleke damu safi kutoka kwenye shimo hadi kwenye mshipa unaostahili. Picha zilikuwepo. Lakini alitaka kuushika moyo wenyewe kabla hajaufungua.

Kelvin alishinda siku kadhaa mbele ya kompyuta, akifuata kuta za moyo katika picha moja baada ya nyingine. Mashine ikachapa. Aliponiwekea mezani, moyo ule ulikuwa umekatwa dirisha ubavuni ili tuone ndani, na kazi yangu ilikuwa kuusafisha na kutengeneza kalibu, ili tupate nakala za silikoni ambazo daktari angeweza kuzikata na kuzishona kwa mazoezi.

Niliingiza kidole. Shimo lililotajwa lilikuwepo, pale pale liliposemwa. Chini yake, karibu na ncha ya moyo, kucha yangu ikakwama kwenye kitu.

"Kelvin, hapa kuna tundu."

Alivua vidude vya masikio. "Ndio, Madam. Nimeliona pia kwa picha."

"Halikutajwa."

"Halikutajwa, lakini liko."

Mimi nilikuwa nimeona mashine ikidanganya. Ukuta ukiwa mwembamba sana picha haziushiki vizuri, na mashine, isiyojua moyo ni kitu gani, huacha pengo. Ilitufanyia hivyo kwenye fuvu la kichwa, na ilitufanyia hivyo kwenye pua. Nilimwambia Kelvin kwamba hilo ni kosa la mashine, kwamba ukuta upo ila ni mwembamba, na kwamba nitaliziba kwa nta kabla ya kutengeneza kalibu. Nilikuwa tayari nimewasha taa ya spiriti.

"Madam, tafadhali, usilizibe," Kelvin alisema. Hakuwa na mazoea ya kunibishia, na sauti yake ilipanda. "Mimi sijui kama ni la ukweli. Na wewe pia hujui."

Hilo lilikuwa kweli, na halikupendeza. Nilizima taa, tukampigia Daktari Achieng simu. Hakusema nani kati yetu yuko sahihi. Aliomba mtoto arudishwe apimwe tena kwa ile mashine ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, na mpimaji aangalie chini kabisa, karibu na ncha. Siku zile za kungoja mimi na Kelvin tulifanya kazi nyingine, tukiongea habari za plasta.

Shimo lilikuwepo. Dogo, limejificha nyuma ya misuli, lakini lilikuwepo. Daktari wa Nairobi alisema kwamba bila kulijua angelifunga lile la juu, angefunga kifua, na lile la chini lingeendelea kuvuja huku kila mtu akishangaa. Alibadilisha mpango wake. Mashine ilikuwa sahihi, Kelvin alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na uzoefu mwingi. Nawaandikia hili kwa sababu mtakuwa na uzoefu mwingi nanyi pia.

Lakini mama hakuwa amekubali mtoto afanyiwe upasuaji. Ameelezwa mara nyingi, Daktari Achieng alisema, kwa mchoro, kwa maneno, na kila mara anaitikia kwa kichwa kisha anasema atafikiria. Jamaa zake walikuwa wakimwambia mtoto akifunguliwa kifua hatarudi. Daktari aliomba amlete mama huyo karakana.

Mama Shiru alikuja na mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu. Nilimwuliza anafanya kazi gani, kwa kuwa ni swali la kwanza mtu huuliza akiona mikono ya namna hiyo.

"Mimi hukata nyama kwa hoteli ya nyama choma, hapo Kamakis," alisema. "Mbuzi wakiletwa, mimi ndio huwapasua."

Daktari Achieng alimpa ule moyo wa plastiki. Akaupokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni nini. Aliugeuza, akatafuta juu yake na chini yake, akaona mishipa, na kidole gumba chake kikaingia kwenye dirisha kama kilichozoea.

"Woiye," alisema polepole. "Ni mdogo kuliko wa mbuzi."

Shiru alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anachezea pingili ya plasta.

"Hii ya mbuzi huwa na ukuta hapa katikati," Mama Shiru alisema. "Mzima. Ukipasua unaona vyumba viwili." Alipitisha ncha ya kidole kwenye shimo la kwanza. "Yake imeachana hapa."

"Na hapa chini," Daktari Achieng alisema, akimwelekeza. "Na mishipa hii miwili, angalia imetokea wapi."

Aliangalia. Alikaa na moyo ule mapajani muda mrefu, akiugeuza. Kisha akauliza maswali, na yalikuwa mengi: kitambaa kitashonwa na uzi gani, kikioza je, moyo ukikua kitambaa kitakua nao, na wakati wanashona, damu itakuwa inapita wapi. Daktari Achieng alijibu kila moja, na alipofika kwenye swali la hatari hakuficha. Alimwambia watoto wengine hawarudi.

"Na nikimwacha hivi?"

"Ukimwacha hivi hatafika mbali, mama."

Mama Shiru alinirudishia moyo. "Kumbe ni kitu inashikika," alisema. "Mlikuwa mnaniambia shimo, shimo, mimi nikifikiria ni kama laana imemtoboa. Hii ni kazi. Mtu anaweza kuifanya." Akamwita mtoto, akamfunga mgongoni. Mlangoni aligeuka kwa Daktari Achieng. "Mwambie huyo daktari aifanye."

Tulitengeneza nakala tatu za silikoni. Daktari wa Nairobi alizikata zote, akaturudishia zikiwa na nyuzi zake ndani, na ujumbe kwamba ya tatu ilimridhisha. Siku ya upasuaji nilikuwa natengeneza nyonga. Sikumbuki nyonga hiyo ilivyotokea. Alasiri Daktari Achieng alitia kichwa mlangoni akasema mtoto ametoka, yuko kwenye mashine za kupumulia, ngojeni. Tukangoja. Kulikuwa na siku mbaya, maji yalijaa kwenye mapafu, na siku moja hakuna aliyetuambia chochote, nasi hatukuuliza. Halafu tukaambiwa amekula ugali.

Moyo wa plastiki ukabaki kwetu. Kwa kufundishia ulikuwa bora kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho, na Daktari Achieng aliutumia kila muhula. Kwa desturi yetu kiungo hakiandikwi jina la mtu. Lakini Kelvin, wakati ule wa kazi nyingi, alikuwa ameandika "Shiru" chini yake kwa kalamu ya wino mzito, asiuchanganye na mingine, na wino huo ulikuwa umezama kwenye plastiki.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mama Shiru alikuja bila kuitwa. Alikuwa ametoka kliniki na mtoto, ambaye alibaki nje uani. Alinisalimu, akanipa mfuko wa nyama aliyoifunga kwenye gazeti, kisha akauliza, "Ule moyo bado mko nao?"

Niliutoa rafuni. Aliugeuza, akaona jina.

"Madam, naomba mzibe hizo shimo."

Nilimweleza kwamba wanafunzi hujifunza kwa yale mashimo, kwamba tukiyaziba moyo huo hautakuwa na somo lolote. Alinisikiliza vizuri.

"Mimi nataka wasome," alisema. "Wasome hata zaidi. Lakini hii si yake tena. Yake imeshonwa, inafanya kazi. Kila siku mnashika moyo mgonjwa mnasema ni Shiru. Sitaki."

Kelvin alikuwa amenyanyuka kwenye kompyuta. "Pole, mama," alisema. "Mimi ndio niliandika." Alileta spiriti na pamba, akasugua. Wino ulipauka, jina likabaki. Nikachukua msasa mkali, nikataka kuanza, lakini Mama Shiru alinyoosha mkono.

"Lete hapa."

Alikaa kwenye stuli, akauweka moyo mapajani juu ya leso, akaanza kusugua kama mtu anayekwangua gogo la kukatia nyama: kwa nguvu, kwa mwendo mmoja, bila haraka. Vumbi jeupe lilimwangukia kwenye viatu. Aliondoa S, akaondoa herufi zilizofuata, na akaendelea baada ya herufi kwisha, mpaka pakawa na bapa dogo ambalo liko hadi leo. Alipitisha kidole pale kuhakikisha. Kisha aliinuka na kuurudisha rafuni mwenyewe, kati ya figo na mguu.

"Sasa fundisheni," alisema.

Akajikung'uta vumbi, akasimama mlangoni na kumwita binti yake kwa Kikuyu, na mtoto akaja mbio.